Namna ya kumpata mwashi wa kweli wa nyumba ya mawe na chokaa

Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar, za Lamu na za mitaa ya zamani ya Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kwa kuni na boriti za mikoko. Anayerithi nyumba ya namna hiyo hurithi pamoja nayo swali ambalo mwenye nyumba ya matofali ya saruji halimsumbui, nalo ni nani wa kumkabidhi ukuta wake. Mafundi ujenzi wako tele na wengi wao ni hodari katika kazi waliyojifunza, lakini kazi waliyojifunza ni ya saruji, nondo na zege, na ujuzi huo ukipelekwa kwenye ukuta wa chokaa huuharibu ukuta hata pale fundi anapofanya kazi yake kwa moyo safi. Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba, msimamizi wa wakfu, au ndugu aliyeachiwa funguo na jamaa walioko Maskati au London, ambaye anataka kumpata mwashi anayeijua kazi hii hasa na kumtenganisha na anayedai tu kuwa anaijua.

Mimi nilijifunza tofauti hiyo baada ya kupata hasara. Ukuta wa kusini wa nyumba ya bibi yetu ulikuwa na madoa ya unyevu yaliyofika kiunoni, tukamwita mkandarasi mwenye picha nzuri za kazi zake na maneno ya kutuliza. Aliikwangua lipu yote ya zamani, akapiga lipu ya saruji, akamalizia na rangi ya plastiki, na ukuta ukapendeza kweli. Masika ya kwanza yalipita salama. Masika ya pili rangi ilivimba kama malengelenge, kisha lipu ikaanza kudondoka vipande vikubwa kama sahani, na nyuma yake mawe yalikuwa yamegeuka unga, kiasi kwamba ukigusa kwa kidole, kidole kilizama. Ukuta uliokuwa na madoa tu sasa ulikuwa na mashimo.

Sababu yake si siri, na kila mwenye nyumba anapaswa kuijua kabla hajazungumza na fundi yeyote. Ukuta wa zamani una unene wa sentimita 50 hadi 60, mara nyingi zaidi ya hapo, hauna kitu kinachozuia maji ya ardhini yasipande, na jiwe la tumbawe lenyewe limejaa vitundu. Waliojenga walilijua hilo vizuri. Hawakujaribu kuyafungia maji nje kabisa, bali waliyaachia njia ya kutoka. Chokaa huupitisha unyevu mpaka nje, ukachukuliwa na upepo na jua. Saruji ni ngumu kuliko jiwe hilo na huufungia unyevu ndani, na chumvi iliyomo katika maji hayo, ikikosa pa kutokea, hujikusanya nyuma ya lipu, hukauka ikawa chembe, na chembe hizo zinapokua hulisaga jiwe kidogo kidogo. Rangi ya plastiki hufanya vivyo hivyo juu ya lipu iliyo nzima.

Ujue maradhi kabla ya kumtafuta tabibu

Siku ya mvua kubwa, chukua tochi na uizunguke nyumba kuanzia darini hadi chini. Tazama maji yanakoingilia, mlizamu (mfereji wa kutolea maji ya paani) unakomwagia, na bafu la ghorofani linakovujia, kwa sababu mabafu mengi ya juu yaliongezwa baada ya nyumba kujengwa na mabomba yake yamefukiwa ndani ya kuta ambazo hazikutarajia maji. Tazama hasa pale boriti zinapoingia ukutani. Boriti huoza mwanzo kwenye ncha iliyofichika, si katikati inapoonekana, na dari inayoonekana nzima inaweza kuwa imeshikiliwa na mazoea tu. Kwenye kila ufa weka alama ya penseli mahali unapoishia juu na chini, uandike tarehe kando yake. Baada ya miezi miwili utajua kama ufa umelala au unatembea, na fundi mzuri atakushukuru kwa habari hiyo kuliko kwa maelezo marefu.

Ukishaona hayo utajua unamtafuta nani, maana kazi hizi hazina fundi mmoja. Lipu, sakafu na mawe ni kazi ya mwashi. Boriti na dari zinamhitaji mwashi na seremala wakiwa pamoja. Mlango wa nakshi una mchongaji wake, na asiguswe na seremala wa makabati. Ukiona ukuta umetoa tumbo, au ufa unaoingia kidole na unaozidi kupanuka, hilo si la mwashi peke yake. Kuta hizi mara nyingi zina nyuso mbili za mawe yaliyopangwa, na katikati kifusi kilichofungwa kwa udongo na chokaa. Nyuso hizo zikianza kuachana, ukuta unaweza kuporomoka bila kutoa muda wa kutosha. Hapo anatakiwa mhandisi wa majengo aliyewahi kufanya kazi kwenye majengo ya kale, tena mapema, na watu wahame chumba hicho. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Aliyeliona jumba lile lilivyokuwa imara machoni hatahitaji kuambiwa zaidi kwamba sura ya nje haimwambii mtu hali ya ndani.

Pa kuanzia kuuliza

Katika Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, huwezi kukarabati bila kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, ambayo ipo tangu mwaka 1985. Watu wengi huiendea ofisi hiyo mwishoni, wakiwa na fundi tayari, wakiiona kama kikwazo cha kupita. Nashauri uiendee mwanzo kabisa. Maofisa wake wanakagua kazi za watu, hivyo wameona ni nani aliyepiga lipu iliyodumu na ni nani aliyesimamishwa kazi. Hawatakuchagulia fundi, lakini ukiuliza ni nyumba zipi zilizokarabatiwa vizuri kwa chokaa miaka michache iliyopita, utaondoka na anwani za kwenda kutazama. Vivyo hivyo kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, yenye nyumba nyingi za zamani mikononi mwake, na kwa wazee wa misikiti, kwa kuwa msikiti wa kale haukosi matengenezo na kamati yake huikumbuka kazi mbovu kwa muda mrefu.

Lamu, iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ina bahati ya kuwa na waashi ambao hawajawahi kuacha kazi hii, kwa vile nyumba za huko hutengenezwa mwaka hadi mwaka. Ofisi za Makumbusho ya Taifa ya Kenya zilizoko mjini ni mlango mzuri wa kuulizia. Kusini mwa Tanzania watu hudhani hawana pa kuanzia, lakini wanapo. Magofu ya Kilwa Kisiwani yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya uhifadhi ambayo wenyeji walishiriki kwa mikono yao. Mwenye nyumba ya mawe Kilwa Kivinje, Lindi au Mikindani aulizie huko kwanza kabla hajamsafirisha mtu kutoka Dar es Salaam.

Namna ya kuuliza nayo ina maana. Ukimwuliza mtu kama anamjua fundi mzuri, atakutajia shemeji yake. Uliza badala yake: nyumba hii ilitengenezwa na nani, mwaka gani, na tangu hapo amerudi mara ngapi kurekebisha? Jina linalotajwa na wenye nyumba watatu wasiojuana lina uzito kuliko jina linalosifiwa sana na mmoja.

Vyeti, na kinachosemwa na vyeti

Kampuni iwe imesajiliwa, na usajili huo uuthibitishe mwenyewe kwa bodi inayohusika badala ya kuridhika na nakala uliyoonyeshwa. Tanzania Bara kuna Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na wahandisi wana bodi yao. Kenya kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo husajili makandarasi na pia kuwatambua mafundi wenye ujuzi. Mhandisi asiye na usajili usimpe kazi hata akiwa ndugu.

Kwa mwashi mwenyewe mambo ni tofauti kidogo. Cheti cha uashi cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania Bara, au cha vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali kwa upande wa Zanzibar, kinathibitisha kwamba mtu anaweza kupanga tofali, kupiga lipu na kusoma mchoro, na hayo si madogo. Hakithibitishi kwamba anajua kuzima chokaa wala kwamba amewahi kubadilisha boriti chini ya sakafu yenye watu. Wakati huohuo baadhi ya waashi bora wa chokaa walijifunza kwa baba au mjomba tangu wakiwa wanagenzi wa kubeba ndoo, na hawana karatasi yoyote. Kwa hiyo usimkatae mtu kwa kukosa cheti, wala usimkubali kwa kuwa nacho. Nimeona watu wakifanya makosa yote mawili. Cheti kinakupa sababu ya kumsikiliza mtu. Uamuzi utoke kwenye kuta alizozifanya.

Nenda ukaone kazi iliyonyeshewa

Hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Lipu yoyote hupendeza mwezi wa kwanza, na picha ya simu huipendezesha zaidi. Mwombe fundi akupeleke kwenye kazi iliyopitiwa na masika matatu au zaidi. Akisema zote ziko mbali, au wenye nyumba hawapo, au ana picha nzuri sana, mshukuru na uendelee kutafuta. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini ukuta hauna wa kuutetea.

Ukifika, inama utazame mita moja ya chini. Unyevu huonekana hapo kwanza: madoa, ukungu mweupe wa chumvi, vipande vinavyobanduka. Gonga kwa kifundo cha kidole ukisogea taratibu kutoka chini kwenda juu. Lipu iliyoshika hutoa sauti nzito ya jiwe. Iliyoachana na ukuta husikika kama mtungi mtupu. Kwa ruhusa ya mwenye nyumba, kwaruza kwa ufunguo mahali pasipoonekana. Chokaa huacha mkwaruzo mweupe, laini kiasi, na mara nyingi utaona punje nyeupe ndani yake, wakati saruji ni ya kijivu na ufunguo hutereza juu yake. Kisha simama mbali utazame umbo la ukuta. Mwashi wa kweli huufuata ukuta jinsi ulivyo, na mabonde yake madogo, na pembe zake zilizolainika. Ukiona pembe kali zilizonyooka kwa kamba katika nyumba ya miaka 150, huenda kuna lipu nene iliyowekwa kuficha, na unene huo unaweza kuwa ndio uzito unaoivuta lipu idondoke.

Mwenye nyumba mwulize mambo matatu tu. Je, kazi ilikwisha kama walivyokubaliana? Bei ilibadilika njiani, na kama ilibadilika, aliambiwa kabla au baada? Fundi alipopigiwa simu mwaka uliofuata, alikuja?

Mazungumzo yenyewe

Fundi anayeijua chokaa hupenda kuizungumzia, hivyo mwache aseme. Mwanzie na swali la chokaa ataipata wapi. Jibu zuri lina mahali na mtu ndani yake: inachomwa mahali fulani, atanunua ikiwa hai au ikiwa imezimwa, ataiweka shimoni kwa muda gani kabla ya kuitumia. Chokaa hai ikikutana na maji huchemka na kutoa mvuke, na punje zake ambazo hazikuzimika vizuri zikiingia kwenye lipu huja kuzimika zikiwa ukutani, zikafura na kutoboa vijishimo; ndiyo maana inaachwa ndani ya maji majuma mengi, na wanaojali huiacha miezi. Anayesema ataitoa dukani leo na kuipiga kesho, na ataongeza saruji kidogo ili ishike haraka, amekwisha kujieleza. Saruji ndiyo iliyotuharibia sisi.

Uliza pia juu ya mchanga na mchanganyiko. Wengi watasema chokaa fungu moja kwa mchanga mafungu matatu, na hicho ni kipimo kinachokubalika, lakini anayejua hataishia hapo. Atasema inategemea mchanga. Atakataa mchanga wa ufukweni kwa sababu ya chumvi yake. Huko Unguja ataulizia kama ukuta ulijengwa kwa udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa, kwa sababu kiungo kipya kinapaswa kupatana na cha zamani na kisiwe kigumu kukizidi. Wengine hawasemi sana. Huokota kipande cha udongo wa zamani kilichodondoka, hukisagia kiganjani, hukipuliza, na hutazama kilichobaki. Ukimwona mtu akifanya hivyo bila kuombwa, tulia umsikilize.

Swali la muda huwachuja wengi. Chokaa haikauki tu, bali hukomaa kwa kuvuta hewa ukaa, na kazi hiyo huchukua majuma na miezi. Kwa hiyo hupigwa tabaka nyembamba, kila moja kiasi cha sentimita moja, husubiriwa, na hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa ili jua lisiikaushe kabla haijashika. Fundi anayekuahidi vyumba vinne kwa wiki moja hazungumzii chokaa. Fundi anayekwambia tusianze sasa kwa sababu masika yanakaribia, tungoje kipupwe, amejinyima mapato ya miezi miwili ili kazi yako isiharibike, na nadhani hakuna barua ya sifa inayoshinda hiyo.

Kuhusu boriti, mwombe akueleze hatua kwa hatua atakavyoitoa iliyooza. Lazima usikie habari ya kuweka nguzo za kushikilia pande zote mbili, kwanza, kabla ya kugusa chochote, na kwamba ataondoa moja au mbili kwa wakati mmoja. Muulize atapata wapi mti, kwani ukataji wa mikoko unahitaji kibali, na asiye na kibali atakuletea matatizo pamoja na boriti. Akipendekeza kuvunja dari na kumwaga zege, jua kwamba zege ni zito na ukuta wa chokaa haukutayarishwa kwa mzigo huo. Pendekezo kama hilo lipitie kwa mhandisi au lisipite kabisa.

Mwisho muulize ni kazi ipi katika nyumba hii ambayo yeye haiwezi. Yule ambaye mitaani wanamwita fundi maiko atakwambia anaweza yote, kuanzia umeme hadi nakshi. Mjuzi ataonyesha mipaka yake bila haya, kwa sababu anajua pa kumwita mwenzake.

Siku anapokuja kutazama

Baada ya msiba ule wa ukuta wa kusini, tulielekezwa kwa mzee mmoja ambaye watu watatu walimtaja. Alikuja asubuhi mapema, na alipokaribishwa aende kuuona ukuta alisema, “Mwanangu, ukuta utanisubiri. Nipandishe juu kwanza.” Akapanda hadi paani, akaukuta mlizamu umezibwa na majani ya mwarobaini yaliyogandamana, na maji ya masika yote mawili yalikuwa yakimwagikia kichwani mwa ukuta uleule tuliokuwa tukiupamba chini. Aliposhuka aliuweka wima msumari mrefu kwenye ncha ya boriti, karibu kabisa na ukuta, akausukuma kwa kidole gumba. Msumari ukaingia hadi kichwani. Akafanya hivyo kwa boriti zote kumi na moja za chumba, na nne akazitia alama ya mkaa. Ukuta wenyewe aliupapasa kwa kiganja mwisho wa yote, akianzia chini, kama mtu anayempima mtoto homa.

Hakutaja bei siku ile. Alirudi baada ya siku mbili na karatasi aliyoandikiwa na mwanawe, yenye mambo kwa mpangilio: mlizamu, kichwa cha ukuta, boriti nne, kutoa saruji yote, kisha kungoja. Nilipouliza lipu itapigwa lini, alijibu, “Ukuta huu umekunywa maji miaka miwili. Nikiupaka leo nitakuwa nimekuibia. Uache wazi mpaka kusi imalizike.” Tuliishi na ukuta wa mawe matupu miezi mitano, wageni wakitusikitikia.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo kipimo nilichobaki nacho. Tazama mtu anaanzia wapi. Anayekwenda moja kwa moja penye doa anatazama doa. Anayetafuta njia ya maji anaitazama nyumba. Tazama kama anagusa, anauliza historia, anataka kujua nani anaishi upande wa pili wa ukuta. Na bei inayotajwa mlangoni, kabla ya kupanda ngazi, haiwezi kuwa bei ya kazi ambayo hajaijua.

Jaribio na makubaliano

Hata ukiridhika, usimkabidhi nyumba nzima. Mpe kipande cha mita moja ya mraba, mahali penye tatizo la kweli, umlipe kazi hiyo kikamilifu kama kazi iliyojitegemea, kisha usubiri mwezi. Nyufa nyembamba kama unywele zikijitokeza, aeleze sababu yake. Huenda mchanganyiko ulikuwa na chokaa nyingi au ulikauka haraka. Mjuzi atajua ni lipi na atabadilisha.

Makubaliano yaandikwe hata kama mnaheshimiana kama baba na mwana, na hasa mkiheshimiana hivyo. Yataje vifaa vinavyoruhusiwa na visivyoruhusiwa, na neno saruji litajwe waziwazi. Yataje nani atashika mwiko. Hili husahaulika sana: unazungumza na mzee mwenye jina, halafu kazi inafanywa na vijana asiowaona kwa wiki nzima. Kuwa na wanagenzi ni dalili njema na ni haki yao kujifunza, lakini mwenyewe awepo siku za kuzima chokaa, za kuchanganya, na za kutoa boriti. Malipo yafuate hatua zilizokamilika, vifaa mvinunue pamoja, na sehemu ya fedha ibaki mkononi mwako hadi masika yapite. Fundi anayejiamini hulikubali sharti hilo, ingawa ni haki yake kudai sehemu hiyo isiwe kubwa kiasi cha kumwumiza.

Aliye mbali na nyumba yake asitegemee picha ya ukuta uliokwisha pakwa rangi. Aombe picha za kila wiki za yale yatakayofichika: shimo la chokaa, ukuta ukiwa umevuliwa lipu, ncha za boriti mpya zikiwa na kipimo cha mita kando yake. Na awe na mtu mmoja wa kupita pale bila taarifa.

Kazi ikianza, angalia pia wanavyojitunza. Chokaa hai inaunguza ngozi na inaweza kupofusha. Mwashi anayeijua huwavisha vijana wake miwani na glavu, na huweka maji safi karibu. Asiyejali macho ya msaidizi wake hatajali ncha ya boriti iliyofichika ndani ya ukuta wako. Ukikuta mfuko wa saruji umefichwa nyuma ya ngazi, simamisha kazi siku hiyohiyo, kwa adabu, na muulize ulikuja kufanya nini.

Yule mzee alirudi baada ya masika yaliyofuata kama tulivyoandikiana. Alipanda juu kwanza, akausafisha mlizamu kwa mkono wake, kisha akashuka akapapasa ukuta wa kusini na kuzitazama alama zangu za penseli kwenye ufa wa ngazini, ambazo hazikuwa zimesogea. Tukamlipa salio lake. Kabla ya kuondoka aliulizia ndoo mbili za chokaa zilizobaki, akakuta maji yamepungua juu yake, akayaongeza mpaka yakaifunika chokaa yote, akasema tusiitupe kwa sababu ukuta wa kisimani utaihitaji kipupwe kijacho.